Fundi jahazi wa Bagamoyo kaniuliza: "Seli inajuaje nje ni wapi?" (Uzi mrefu, leta kahawa)

Mpwa wa Fundi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu una mjomba wangu, mashua inayovuja, mtoto anayeharisha, figo ya mbwa na mnyoo wa milimita moja. Mwenye haraka apite tu, muhtasari sina.

Jumamosi iliyopita nilishuka pwani hapa Bagamoyo, upande wa soko la samaki, kumpelekea mjomba chai. Mjomba ni fundi wa vyombo tangu sijazaliwa. Siku hiyo alikuwa anapiga kalafati mashua ya mtu. Kwa ambao hamjawahi kuona: anachukua pamba, anaisokota kwenye paja mpaka iwe kamba nyembamba, anaichovya kwenye mafuta, anailaza kwenye upenyo kati ya ubao na ubao, kisha anaishindilia kwa chuma butu na nyundo. Huku anasikiliza. Mwanzo nyundo inatoa mlio mzito, kama unagonga gunia. Pamba ikishashiba mlio unakuwa mkavu, na hapo ndipo anasogea kidole kimoja mbele. Kidole kimoja, wakuu, chombo kizima.

Chai ilichelewa kwa sababu nilipitia kwa dada. Mtoto wake wa miaka miwili alikuwa anaharisha tangu alfajiri, na dada kafungua pakiti ya ORS, nusu kaimimina kwenye glasi, nusu kaikunja kaweka juu ya kabati. Tukamwaga, tukapima lita moja, tukaanza upya. Nikamsimulia mjomba.

"Sasa hayo maji ya chumvi na sukari yanaziba nini?" akauliza. "Chombo kikivuja unakalafati. Huongezi maji."

Nikajitia ualimu. Nikamwambia utumbo umetandikwa seli mstari mmoja tu, na kati ya seli na seli kuna mshono, ndio kalafati yake. Akasimamisha nyundo. "Nani kazikalafati?" Nikasema, zenyewe. "Haya. Huu ubao," akaugonga, "nje napaka deheni, ndani napigia mataruma. Nje naijua kwa sababu bahari naiona. Hiyo seli yako ina macho? Inajuaje nje ni wapi?"

Wakuu, nina miaka kumi na moja nafundisha bayolojia kidato cha tano na sita. Nilinyamaza, nikamalizia chai yake mwenyewe.

Nimesoma wiki nzima. Nakuja.

Dagaa Mchele

Nimekaa mkeka wa mbele. Mkuu usituache njiani kama ule uzi wa majini wa Kaole.

Mgosi wa Tanga

Mgosi, huyo mjomba wako angekuwa Tanga tungempa ualimu yeye.

Mpwa wa Fundi

Haya, tuanze na swali lake la kwanza, maana ukilielewa la ORS, la pili linakuwa tamu zaidi.

Kuanzia mdomoni mpaka mwisho wa safari, mtu ana bomba moja limempita katikati. Ulichokula kikiwa ndani ya bomba hilo bado hakijaingia mwilini. Kiko nje, kama bahari ilivyo nje ya mashua hata ikikugusa ubavuni. Ukuta wa bomba, pale kwenye kazi yenyewe, ni mstari mmoja wa seli. Tishu ya namna hii inaitwa epithelia, na haiko utumboni peke yake: figo, mapafu, kibofu, mirija ya nyongo, ngozi, kote humo, ila kwenye kibofu na ngozi mistari ni zaidi ya mmoja.

Kila seli ya utumbo ina sura mbili. Uso wa juu unatazama chakula, nao umejaa vijidole vidogo sana vya kunyonya. Uso wa chini umekalia utando mwembamba wa protini, mimi nitauita mkeka, na chini ya mkeka kuna damu. Ubavu unagusana na majirani.

Sasa sikilizeni. Ubavuni na chini kuna pampu. Kila ikizunguka inatoa sodiamu tatu nje ya seli na kuingiza potasiamu mbili. Kazi yake inaifanya seli iwe na njaa ya sodiamu wakati wote. Juu kuna mlango wa namna yake: haufunguki kwa sodiamu peke yake wala kwa glukosi peke yake, unataka sodiamu mbili na glukosi moja waingie pamoja. Wazo la mlango huu alilitoa Robert Crane kule Prague mwaka 1960. Sodiamu na glukosi zikishaingia juu zinatolewa chini kuelekea damuni, na maji yanafuata.

Basi hamisha pampu hiyo, ipeleke juu. Hujaondoa kitu, hujaharibu kitu, umebadilisha mahali tu. Sodiamu iliyoingia juu inarudishwa juu. Mtoto atakunywa ORS ndoo nzima na maji hayatasogea. Ndiyo maana nikasema swali la mjomba la "nje ni wapi" si mchezo: pakiti ya ORS inafanya kazi kwa sababu kila seli inajua juu yake na chini yake.

Na kuhusu kuvuja, mjomba alikosea, hata mimi nilikuwa naamini hivyo zamani. Kwenye kipindupindu tatizo kubwa halitokani na mishono kufumuka. Sumu ya yule bakteria inaubana wazi mlango mwingine wa juu, wa kloraidi. Kloraidi inamwagika kwenye utumbo, sodiamu inaifuata ikipenyeza kwenye mishono, maji yanafuata vyote viwili. Kwa lugha ya mjomba: chombo ni kizima, kuna mtu kakaa humo ndani anachota maji ya kunywa ya mabaharia na kuyamwaga baharini. Lakini ule mlango wa sodiamu na glukosi haujaguswa, unaendelea kufanya kazi. ORS inapita hapo. Daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha hivyo wakimbizi mwaka 1971 kwenye kambi ya Bangaon, India, wakati dripu zilikuwa zinawaishia. Fomula ya sasa, ya 2002, ina milimoli 75 za sodiamu na 75 za glukosi kwa lita. Sawa kwa sawa. Jumla ya vilivyoyeyuka ni 245, ile ya zamani ilikuwa 311.

Nesi wa Zamu

Mwalimu umenena. Niongeze la wodini. Pakiti ya lita ni ya lita. Nusu pakiti kwenye glasi ni dawa nzito mno, itavuta maji badala ya kuyaingiza, mtoto anazidi kukauka huku mama anasema "dawa nampa". Maji yawe safi, akitapika subiri dakika kumi uendelee kidogokidogo kwa kijiko. Na zinki msisahau, siku 10 hadi 14. Mtoto akilegea, macho yakizama, akikataa kunywa, au ukiona damu, uzi funga, nenda kituo cha afya.

Mpwa wa Fundi

Shukrani dada. Huyo wa kwetu Jumapili alikuwa anakimbiza kuku.

Hasira za Mkizi

Swali: hiyo mishono mmeiona kwa macho au ni hesabu za darasani?

Mpwa wa Fundi

Imeonekana. Mwaka 1963 Marilyn Farquhar na George Palade walitoa picha za hadubini ya elektroni za viungo mbalimbali vya panya na simbilisi (guinea pig) wa maabara. Kila walipotazama ubavu wa seli walikuta vifungo vitatu kwa mpangilio uleule kutoka juu kushuka chini. Cha kwanza kabisa, karibu na uso wa juu, utando wa seli hii na wa jirani umesogeleana hadi nafasi kati yao imepotea. Huo ndio mshono wenyewe, watu wa maabara huku kwetu wanasema tu "taiti jankisheni". Chini yake mkanda wa kushikana unaozunguka seli nzima. Chini zaidi vishikizo vya hapa na pale, desmosomu, kama misumari.

Baadaye wakaja na mbinu ya kugandisha seli kwa baridi kali na kuipasua, mpasuko ukapita katikati ya utando wenyewe. Mshono ukaonekana kwa ubapa: nyuzi zimepishana kama wavu wa jarife, zinazunguka shingo ya kila seli.

Nyuzi zimetengenezwa na nini? Hapo watu walihangaika. Protini ya kwanza ya mshono, ZO-1, ilipatikana 1986, lakini hiyo iko ndani ya seli, kama taruma nyuma ya ubao. Mwaka 1993 maabara ya Shoichiro Tsukita huko Japani wakaipata okludini, inayopita kwenye utando wenyewe. Watu wakashangilia, wakasema pamba imepatikana. Kisha ikatolewa okludini yote kwenye seli, na mishono ikabaki palepale. Kichekesho kwa msomaji, si kwa aliyekesha maabara. Mwaka 1998 Mikio Furuse na Tsukita wakatangaza klaudini, jina kutoka Kilatini, maana yake kufunga. Wakazitia kwenye seli ambazo kwa kawaida hazina mshono wowote, na nyuzi zikajisuka. Hiyo ndiyo pamba.

Sasa hapa ndipo nilipotamani kumwamsha mjomba usiku. Klaudini si ya aina moja. Sisi binadamu tunazo zaidi ya ishirini, na kila kiungo kinachagua zake. Nyingine zinaziba kabisa. Nyingine zina tundu lenye kuchagua: klaudini-2 inapitisha sodiamu na wenzake wenye chaji chanya, wale wa chaji hasi inawazuia. Kwenye figo kuna klaudini-16. Jeni yake ikiwa na kasoro, mtu anapoteza magnesiamu na kalsiamu kwenye mkojo mpaka figo zinaharibika, hilo lilijulikana 1999. Klaudini-14 ikiharibika mtoto anazaliwa kiziwi. Na panya waliotolewa klaudini-1 walizaliwa wazima kwa macho, wakafa ndani ya siku moja, maji yamewatoka kupitia ngozi.

Jumatano nilimweleza mjomba. Akasema, "Kalafati inayochagua nani apite? Hiyo sio pamba mpwa, hiyo forodha."

Dagaa Mchele

FORODHA 😂😂 mzee apewe uprofesa.

Hasira za Mkizi

Mimi mvuvi, nauliza la kwetu. Mkizi yuko baharini, kesho unamkuta Ruvu anapanda na maji baridi. Mishono yake inavumiliaje? Na kamba je?

Mpwa wa Fundi

Swali hili limenifurahisha kuliko yote. Samaki baharini anaishi kwenye maji yenye chumvi kuliko damu yake. Anakunywa maji ya bahari, halafu chumvi anaitoa kwenye matamvua. Pale kuna seli maalumu: kloraidi inapita ndani ya seli na kutolewa juu, halafu sodiamu inatoka kupitia mshono ulio kati ya seli hiyo na jirani yake msaidizi. Mshono huo una kina kifupi, umeachwa ulegee makusudi. Akiingia mtoni, anakotakiwa kuing'ang'ania chumvi isimtoke, mishono inakazwa. Mmoja wa waliochunguzwa sana ni perege wa Msumbiji, huyo anahimili bahari na mto. Kwa hiyo samaki anakalafati upya kila akihama maji, bila kupandishwa mchangani.

Kamba, kaa na wadudu wana mshono wa namna nyingine, kwenye hadubini unaonekana kama vipandio vya ngazi. Na kwenye ngozi ya nzi, mfano, ngazi hiyo iko chini ya ule mkanda wa kushikana, wakati sisi mshono wetu uko juu ya mkanda. Kazi ileile, mafundi wawili tofauti. Nimelitaja tu kwa sababu limenikaa kichwani.

Mgosi wa Tanga

Mwalimu unazunguka. Mzee aliuliza seli inajuaje nje ni wapi. Wiki inaisha.

Mpwa wa Fundi

Mgosi, nakuja huko huko, tulia.

Sehemu ya kwanza ya jibu niliikuta kwa mnyoo asiye na mchezo, urefu wake milimita moja, anaishi kwenye udongo. Yai lake likishatungwa linagawanyika mara ya kwanza bila usawa: seli ya mbele kubwa, ya nyuma ndogo. Mwaka 1988 Kenneth Kemphues na wenzake, Marekani, walieleza minyoo wenye kasoro ambao yai lao linagawanyika nusu kwa nusu, na baada ya hapo kila kitu kinakwenda kombo. Jeni hizo wakaziita par, kutokana na neno la kugawa. Baadaye protini zilezile zikakutwa kwa nzi, kwa panya na kwetu, zikifanya kazi ya kuamua upande.

Zinavyofanya ni hivi. Kuna kundi la PAR-3, PAR-6 na kimeng'enya kinachoitwa aPKC. Kuna kundi la pili lenye PAR-1. Kimeng'enya cha kundi la kwanza kikimkuta PAR-1 kwenye eneo lake kinambandika fosfeti, na akishabandikwa anabanduka kwenye utando, anaondoka. PAR-1 naye akimkuta PAR-3 kwake anamfanyia hivyohivyo. Mnalijua lile baraza ambalo wazee wa bao na vijana wa karata wanagombania kivuli kimoja? Hakuna aliyechora mstari. Ila kijana akijisogeza kwenye bao anafukuzwa, mzee akijisogeza kwenye karata anazomewa, na baada ya saa moja mpaka upo, hata mgeni anauona. Kwenye seli za epithelia kundi la PAR-3 linakaa juu, pembezoni kwenye mshono, la PAR-1 linakaa ubavuni. Kuna makundi mengine ya kusaidia, Krambzi juu na Skribo ubavuni, yaliyojulikana kwa nzi, tabia ni ileile ya kufukuzana.

Lakini hilo halijamjibu mjomba, na nilijua hatakubali. Kufukuzana kunalinda mpaka. Nani alikaa wapi kwanza? Kwa mnyoo, mahali mbegu ya baba ilipoingilia ndipo panapokuwa nyuma. Seli ya utumbo wako haina mbegu ya kuingia.

Hapo inaingia figo ya mbwa. Mwaka 1958 Madin na Darby, Marekani, walichukua seli za figo ya mbwa mmoja wa kike, zikakubali kuota kwenye chupa. Mbwa alishakufa zamani, figo yake bado inaota kwenye maabara za dunia nzima. Ukizimwaga kwenye sahani zinatandaza mstari mmoja, zinashona mishono, na unaweza kupima kwa umeme: mshono ukikaza, mkondo unapita kwa taabu. Sasa ondoa kalsiamu kwenye maji yake. Seli zinaachiana, zinajikunja kama ngumi, umeme unapita wazi, protini za juu na za ubavu zinaanza kuchanganyika. Rudisha kalsiamu. Ndani ya saa chache majirani wanashikana tena, mshono unarudi, umeme unakwama.

Kalsiamu inatakiwa na kadherini, protini aliyoitafuta Masatoshi Takeichi kwa miaka mingi huko Kyoto. Kadherini ya seli hii inashikana na kadherini ya jirani, mikono kwa mikono, na bila kalsiamu mikono hiyo inalegea. Pale panaposhikwa ndipo wengine wanapojia: nyuzi za aktini, kamba za ndani ya seli, zinavutwa, ZO-1 inafika, PAR-3 inafika, klaudini zinajisuka, mpaka lile doa la kwanza la kugusana linakuwa mkanda unaozunguka seli nzima. Kwa hiyo alama ya kwanza kabisa seli inaipata kwa kuguswa na jirani.

Alama ya pili ni mkeka. Seli hizohizo za mbwa, ukiziotesha zikielea majini bila mkeka, zinatengeneza tufe lenye uwazi katikati, na nyuso za juu zimetazama nje. Chukua tufe hilo ulizike kwenye rojo ya kolajeni, protini inayoshika nafasi ya mkeka. Zinajigeuza! Seli zilezile, tufe lilelile, nyuso za juu zinahamia ndani na chini kunakuwa nje, kunakogusa kolajeni. Nimesoma hapo mara tatu.

Kwa hiyo, Mgosi, jibu. Seli haina macho ya kuiona bahari. Inapoguswa na mkeka panakuwa chini. Inapoguswa na jirani panakuwa ubavu. Juu ni pale palipobaki, pasipoguswa na yeyote.

Mgosi wa Tanga

...

Nimeweka simu chini nikaichukua tena. Endelea.

Kipimajoto

Mleta mada, mimi niko maabara, nakupongeza ila nikupinge kidogo. Vitabu vinasema mshono ni ukuta unaozuia protini za juu zisiteleze kwenda ubavuni. Yaani mshono ndio unalinda pande mbili. Wewe unasema PAR. Yai au kuku?

Mpwa wa Fundi

Mkuu Kipimajoto, nimekuwa nikiwafundisha watoto hivyohivyo, na naona sasa nitarekebisha madaftari. Mwaka 2019 Furuse na wenzake wakaenda mbali: kwenye seli za figo ya mbwa waling'oa klaudini tano kwa pamoja. Nyuzi za mshono zikapotea, ioni, yaani chembe zenye chaji kama sodiamu, zikapita ovyo. Lakini pande mbili zilibaki, juu ni juu na ubavu ni ubavu. Walipoongeza kung'oa protini nyingine ya mshono, JAM-A, hapo ndipo uelekeo ukavurugika. Kwa hiyo ule ukuta wa nyuzi peke yake si mlinzi wa pande mbili kama tulivyodhani. Ninavyoelewa mimi, mshono na uelekeo vinashonana vyenyewe kwa vyenyewe: PAR-3 inasaidia mshono ukae mahali pake, na mahali pa mshono panaipa PAR-3 kituo. Ukiniuliza kipi kilianza, nitakurudisha kwa kadherini.

Kipimajoto

Hapo nakubali. Mimi kazini napima ule umeme kila siku, na kuna siku seli zinagoma bila sababu, unatamani kuzisomea dua.

Bi Shombo

Wanangu mimi siyajui ya sahani. Vidonda vya tumbo vinaingia wapi humu? Vinanisumbua mwaka wa pili.

Mpwa wa Fundi

Shikamoo mama. Vinaingia. Bakteria wa vidonda vya tumbo, wale wakali zaidi, wanadunga protini inaitwa CagA ndani ya seli ya ukuta wa tumbo. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba inakwenda kumkamata yuleyule PAR-1 na kumzuia asifanye kazi, mishono inalegea na seli inapoteza upande. Yaani mdudu kapita vitu vyote, kaenda kumshika anayelinda mpaka wa baraza. Ila mama, vidonda vina kipimo na vina dawa za kumaliza bakteria huyo, usitibiwe na uzi. Nenda kapime.

Bi Shombo

Marahaba mwanangu. Nitakwenda, nilikuwa naogopa ule mpira wa kumeza.

Nesi wa Zamu

Mama siku hizi kuna kipimo cha choo pia. Uliza ukifika.

Mpwa wa Fundi

Namalizia wakuu, leo Jumapili.

Asubuhi nimeshuka pwani na chai, safari hii vikombe viwili. Nikamweleza mjomba yote, la mkeka, la jirani, la pale pasipoguswa. Alikuwa anapaka deheni, mikono myeupe chokaa mpaka kwenye kiwiko. Akasikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akauliza, "Na ubao ukioza?"

Nikamwambia seli za utumbo zinaishi siku tatu mpaka tano hivi, kisha zinang'olewa na nyingine zinashika nafasi.

"Chombo kiko majini?"

Kiko majini. Seli ikitaka kutoka, majirani wanajisogeza chini yake kutoka pande zote, wanaishika kama mfuko wenye kamba, na mshono unashuka pamoja nao. Mshono mpya unakuwa tayari kabla ya ile seli ya zamani kuachia. Inasukumwa juu, inaanguka kwenye chakula, na tone halijapita.

Mjomba akaiacha brashi ndani ya kopo. Akatazama mashua, akatazama bahari, maji yalikuwa yanajaa. "Mimi kubadilisha ubao mmoja," akasema, "napandisha chombo mchangani wiki nzima, na mwenye chombo ananitukana." Akachukua chai. "Huyo fundi wako akipata nafasi mwambie kuna jahazi la Mafia linanisumbua."

Mashua wameishusha mchana huu. Siku ya kwanza lazima ichukue maji, mbao bado hazijanywa zikajaa. Nimepewa kopo nikae kwenye ngama nifue. Naandika hapa miguu imelowa, maji yako juu ya kifundo, ila tangu saa nane yamepungua.

Dagaa Mchele

Tupia picha ya mashua mkuu.

Mpwa wa Fundi

Mkono mmoja kopo, mkono mmoja simu. Subiri.